Kidonge cha Mwezi

Nilinunua kalamu isiyo na wino
nikiwa na miaka hamsini na minane,
na kioo chake, mtumba, chenye ufa pembeni,
kwa mwanafunzi wa Tromsø aliyekuwa akihama.
Jirani yangu Oddlaug akacheka:
"Uzee huu ndio unaanza kuharibu karatasi?"
Karatasi yenyewe iko wapi, nikamuuliza.

Jumanne jioni, maktaba ya Vadsø,
theluji imezifunika baiskeli hadi usukani.
Tulikuwa watano na mwalimu Jo Mikkal,
kijana wa kuweza kuwa kitinda mimba wangu.
Alianza na matabaka:
chini mifupa ya mchoro, juu yake mstari, juu yake rangi,
"na kila tabaka mlipe jina,
la sivyo mtalitafuta kama soksi."
Yangu yaliitwa Moja, Moja Nakala,
Moja Nakala Mpya, na Hii Ndiyo.
Wekundu wa mashavu niliupaka kwenye tabaka la anga.

Nilichopenda ni kutendua.
Vidole viwili, gonga, kosa limeyeyuka.
Pua ya Oddlaug niliitendua mara arobaini.
Usiku ule kahawa ikamwagikia kitambaa cha marehemu mama,
na vidole viwili vikaigonga meza vyenyewe.
Meza haikusikia.

Kazini, duka la dawa,
wapo wasiosoma lugha yetu,
na wapo walioisoma miaka sabini hadi macho yakachoka.
Nikawachorea vibandiko:
kidonge na jua, kidonge na mwezi.
Mwezi wangu ulikuwa mwembamba, umepinda vizuri,
nilijivunia ule mpindo.
Jo Mikkal akautazama, akasema,
"Mpe mtu, kisha ufunge mdomo.
Picha inayohitaji wakili bado si picha."
Nikawapa watu Februari. Nikafunga mdomo.
Hakuna aliyelalamika.

Juni, asubuhi, akaja Biret Inga na kopo lake.
Vya jua vilikuwa vimekwisha.
Vya mwezi vilijaa, hakugusa hata kimoja.
"Nangoja utoke," akasema.
Tangu katikati ya Mei jua halijazama kwetu,
linazunguka tu juu ya paa kama mgeni asiyeaga.
"Na Desemba, lisipochomoza, niache vya asubuhi?"
Sikujua kama ananitania.
Nilimpima shinikizo la damu, mikono yangu ikitetemeka kuliko yake.

Mwezi ule niliuazima kwa watu wa kusini.
Nguo ya kuazima haisitiri,
nami nilimvika bibi wa watu.

Nikachora upya. Kikombe cha kahawa kiwe asubuhi?
Oddlaug hunywa kahawa saa nne usiku, na hulala fofofo.
Tendua.
Saa ya ukutani? Ya Biret Inga ilisimama mumewe alipofariki,
na hataki itengenezwe.
Tendua.
Nikamwuliza mwenyewe: wewe usiku unaujuaje?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.
"Nikifunga pazia," akasema. "Lile zito, jeusi."

Pazia wazi. Pazia limefungwa.
Mistari sita, bila mpindo wa kujivunia.

Nikampa Daiva, Mlithuania, wa kiwanda cha samaki,
anayekata minofu usiku kucha.
Nikafunga mdomo.
Akageuza kibandiko, akakirudisha, akasema polepole:
"Hiki, nikifunga pazia. Yaani saa mbili asubuhi, nikitoka zamu."
Nilitaka kumsahihisha, nikajizuia.
Ni dawa ya kulalia, naye analala saa mbili asubuhi.
Kumbe mwezi ungemdanganya huyu hata Januari.

Faili nimelipa jina: Pazia.
Pua ya Oddlaug bado inanishinda.
Jumanne tunaanza mikono,
na Jo Mikkal anasema hiyo ndiyo itatutoa jasho.