Mshale Haukuyumba

Amenilaza chali, muuguzi Tupokigwe,
kitandani penye mpira baridi kama alfajiri ya Makambako.
"Baba Mlowe, nyoosha mkono juu. Tazama kidole gumba chako,
usitazame mkono wangu."
Tone la kwanza limechoma. La pili sikulisikia.
Jicho limekuwa la mtu mwingine,
nimeazimwa tu.

Chombo chenyewe kinaenea kiganjani:
mguu wa chuma, mshale mwembamba, tarakimu,
na pembeni vijiwe vitatu vimepangwa kwa uzito.
Nacheka.
"Unacheka nini, baba?"
Mwanangu, miaka ishirini na sita nilikuwa mizani,
pale barabara kuu.
Malori ya shaba, malori ya mbao za Mufindi,
viazi vya Njombe vilivyotuna hadi turubai likapasuka,
yote yalikanyaga bamba langu.
Leo mizani inanikanyaga mimi.

"Usicheke, jicho linatikisika."

Anashusha chuma juu ya kioo cha jicho.
Sisikii uzito. Naona kivuli tu,
kama mtu aliyesimama mlangoni asibishe hodi.

"Moja," anasema.
Nashusha pumzi. Moja ni kidogo.
Kwetu moja ni lori tupu, dereva anapunga mkono,
kamba inafunguliwa.
Yeye hafungui kamba.
Anapachika kijiwe kizito zaidi, anapima tena.
"Tatu."
Anasoma kadi, kidole kikishuka safu kwa safu.
"Baba, hapa hesabu imegeuzwa.
Jicho laini hubonyea, mshale ukakimbia.
Jicho gumu hukataa, mshale ukabaki nyumbani.
Presha yako ni thelathini na tano na ushee.
Ingefaa iishie ishirini na moja."

Lori limezidisha,
na mwenye lori ni mimi.

La kushoto, kumi na saba. Hilo halina neno.
"Hili la kulia limeanza lini?"
Kuku alikuwa akiingia pembe ya ua
asitokee upande wa pili.
Sikitu aliniwekea chai mkono wa kulia, nikaimwaga mara mbili,
akadhani nimerudia ulanzi.
Bega langu liliijua miimo ya mlango kabla yangu.
Na kaka yangu, kule Igwachanya, alikufa akipapasa ukuta;
tukasema amerogwa,
tukatafuta jirani wa kumchukia.

"Ni maji," anasema. "Yanaingia jichoni, mlango wa kutokea umebana.
Hakuna mchawi. Lakini wanao waje, wote wanne."

Sijamwambia ni mara ngapi nililifumba jicho hili hili
kwa noti iliyokunjwa ndani ya leseni.
Nataka kuuliza kama ndiyo hayo.
Siulizi. Angesema ni maji.

Nauliza walichoniuliza madereva:
"Hatuwezi kuelewana? Nishushe magunia mawili, nipande tena?"
Safari hii anacheka yeye.
"Tutashusha, baba. Tone asubuhi, tone usiku,
kila siku ya Mungu.
Kilichopotea hakirudi. Tunalinda kilichobaki."

Nje, upepo unapeperusha vumbi na maganda ya alizeti.
Chupa iko mfuko wa shati, ndogo, inagusa moyo kila nikipiga hatua.
Lori linapanda kuelekea Mafinga,
silioni, liko kuliani.
Nasimama, nalipima kwa sikio:
ekseli ya nyuma imezidi.
Hakuna anayeniuliza.