Jani Lenye Wenyewe

Saa moja asubuhi, Ganda, umande bado uko kwenye kunde,
nimechutama na lenzi yangu yenye ufa.
Mbeyu amenipa mistari miwili asiyoipulizia dawa.
"Miwili tu," kasema. "Wa tatu ni wa matumbo ya wanangu."

Vidukari weusi wameganda vikonyoni kama masizi ya sufuria.
Jumatatu walikuwa kumi. Leo Ijumaa sihesabu tena.
Na chini ya jani mdudu-kibibi amekwisha fika:
mayai ishirini na sita, manjano, yamesimama wima,
madogo, ya haraka haraka,
kama mtu anayejaza ndoo
huku anausikia mfereji ukikoroma.

Anajua. Sijui anajuaje.
Wiki chache, kunde itakomaa,
vidukari wataota mabawa waende zao,
na mtoto atakayechelewa kuanguliwa
atakuta sinia lina nduguze tu.
Nimewaona: mkubwa akifyonza yai la mdogo, bila chuki.
Ndiyo maana mama hulinusa jani kwanza;
akikuta nyayo za watoto wa mwenzake
huondoka na tumbo lake.

Navuka ua wa makuti hadi kwenye mlimau.
Hapa vidugamba wamegandamana na tawi
kama nta ya mshumaa,
mwaka hata mwaka, hawana safari.
Na kibibi wa hapa ni mwingine,
mdogo, mweusi, hana pupa.
Anataga moja.
Analisukuma chini ya gamba la yule atakayeliwa.
Moja, nono, kubwa kuliko mwili wake unavyoahidi.
Kesho, pengine, jingine.

Nilidhani mlaji ndiye bwana,
taya ndizo zinazoamua.
Kumbe windo ndilo lililomfinyanga,
kizazi baada ya kizazi likimpimia tumbo:
wewe, kimbia; wewe, taratibu.
Mla ni mla leo, tunasema.
Lakini aliyeliwa jana bado yumo,
ndani ya yai, anapiga hesabu.

Mbeyu anakuja kuchuma mboga, ungo kiunoni.
"Umepata ngapi?"
"Huku ishirini na sita. Kule moja."
"Na yupi ananifaa?"
Nafungua daftari, nalifunga.
Yeye keshainama, vidole vinakwenda,
jani, jani, jani, halafu vinasita.
Analigeuza moja juani, analiachia.
"Hili," anasema, "lina wenyewe."