Sale, Ghorofa ya Chini

Nililileta na basi la usiku, kipande cha urefu wa mkono,
kimeviringishwa gazeti lililoloa, juu ya magoti yangu,
kutoka mpaka wa kihamba chetu kule Mamba,
ambako masale ndiyo mashahidi
na hayajawahi kula rushwa.

Dar ililipokea kwa mkono wa kushoto.
Kwangu Magomeni, ghorofa ya chini,
dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, hatua mbili tu.
Jua huja humo kama mtu aliyetumwa msibani:
hodi, dakika kumi, kwaheri.

Nikalipanda kwenye ndoo ya rangi,
matundu nimetoboa kwa msumari wa moto,
samadi nimeomba kwa mbuzi wa Bi Kidawa.
Wiki sita halikusema neno.
Ya saba likatoa ulimi mmoja wa kijani.

Bi Kidawa akauliza, ua gani hili lisilochanua?
Nikamwambia, ngoja kiangazi,
kila kitu kikishakauka uani kwako
uje ulitazame tena.

Januari nikafanya ujinga.
Nikalitoa nje, eti lipate afya.
Jua la saa saba likalichapa siku mbili
majani yakapauka kama kanga iliyosahauliwa kambani.
Nikalirudisha ndani, nikaliomba radhi,
lenyewe, ambalo watu huombea radhi.

Sasa nimejifunza. Masika, nje, chini ya ngazi.
Kiangazi, ndani, mbali na mvuke wa jiko.
Vumbi nalipangusa jani kwa jani
kwa kipande cha gauni la mama.
Ila ncha.
Ncha zinakauka, zinakuwa kahawia kama kishungi cha sigara,
na sijui kosa langu ni lipi.

Ndetaramo hapokei simu yangu tangu matanga.
Nilimgombeza kwa kitanda. Kitanda cha mbao,
mguu mmoja wa kupachika!
Mbele ya watu, mbege haijaisha kwenye kata,
nikamwita kaka yangu mwizi.
Miaka minne. Yeye Kimara, mimi Magomeni,
barabara ni ileile moja.

Jumapili nilichagua jani refu kuliko yote,
nikalipiga fundo, polepole, lisichanike.
Kijana wa bodaboda akasema, mzigo uko wapi?
Nikampa jani.
Akacheka. Halafu akaacha.
"Mama, mimi wa Kibosho,"
akalipokea kwa mikono miwili.
Hakulifunga kwa mpira nyuma ya siti,
alilivalia koti.

Saa nzima. Na nusu nyingine.
Nilikuwa naosha vyombo ambavyo nilishaviosha.

Akarudi mwenyewe, hakutaka kupiga simu.
"Kalipokea. Kakaa nalo barazani, kimya,
analigeuza, analigeuza, hajafungua fundo.
Mwisho kaniuliza,
kasema nikufikishie hivyohivyo:
huyu dada yangu
analimwagilia maji ya kisima, yale ya chumvi?
Mwambie akinge ya mvua."

Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna hata dalili.
Nikatoa sufuria zote nje,
hata ile kubwa ya shughuli.