Glavu za Mirdza

Bati la biskuti, limeliwa kutu pembeni.
Ndani, jozi moja ya glavu, nyekundu na kijivu,
sufu inayonuka dawa ya nondo na moshi wa jiko.
Mgongoni mwa kila mkono, msalaba uliokunja miguu
kama mtu anayekimbia.

Bibi Mirdza alizifuma ana miaka kumi na sita,
mjini Kuldiga, msimu wa kuvuna viazi,
alama hii kwao ikiwa haina deni la mtu.
Msalaba wa moto, alisema. Radi ikiuona hupita kando.
Waliushonea mshipi wa bibi harusi,
wakauchonga kwenye susu ya mtoto, mlango wa zizi,
hata pipa la unga, maana panya nao ni maadui.

Kisha wakaja wenye buti,
wameuvaa mkononi, mweusi, umesimama kwa ncha,
umepigwa pasi.
Hirsha mshona viatu, aliyempima Mirdza unyayo
kila vuli kwa kamba ya katani,
alipelekwa msituni pamoja na wenzake.
Siku hiyo mbingu zilikuwa nyeupe.
Hakuna radi iliyopiga.

Glavu hakuzivaa tena. Wala hakuzifumua.
Nilimuuliza sababu, akiwa anamenya viazi.
“Mwizi akivaa koti lako akaenda kuua,
utalirudisha mwilini?”
Akachukua kiazi kingine.
“Na utalichoma, hali alilishona mama yako?”

Wanasema mavi ya kale hayanuki.
Haya yananuka.

Rotterdam, ghorofa ya tatu, Hetal
aliuchora mlangoni kwa unga wa mchele,
nukta nne katikati ya miguu, taa pembeni,
kisha akashika ufagio
kabla mwenye nyumba hajapanda ngazi.
Nilikuwa nimebeba mfuko wa taka.
Tulitazamana kama watu wawili waliofiwa na mtu mmoja
waliyemjua kwa majina tofauti.

Leo binti yangu kalifungua bati.
“Mama, hii ni feni?”
Nje theluji, na glavu zake kazisahau shuleni.
Nimezigeuza hizi ndani nje:
upande huo nyuzi zimeparaganyika, hazisomeki,
joto ni lilelile.
Kavaa, kateremka ngazi mbiombio.
Kutoka dirishani namwona anafinyanga theluji.
Glavu ya kushoto
kaivua, kaikung’uta, kaivaa upya,
na sioni vizuri kwa upande upi.