Bazazi

Upepo wa darajani uliuvunja mwavuli wangu,
mbavu mbili zikatokeza kama za ng'ombe wa kiangazi,
nikazunguka nusu ya Sarayevo nimeubana kwapani,
mzoga wenye mpini,
mpaka nilipoona ngazi zinazoshuka.

Bezistani huiingii kwa kupanda.
Unashuka kama aendaye kisimani,
mtaa unabaki juu yako na theluji yake iliyooza,
na sauti za watu zinabadilika, zinakuwa na unyevu.

Nilikuwa nimesoma, ndiyo kosa langu.
Nilitaraji hariri, mizani ya shaba,
mzee anayepima kitambaa kwa mkono wake mwenyewe.
Nikakuta makasha ya simu.
Mikanda ya plastiki inayojiita ngozi.
Miwani ya jua, miwani ya jua, miwani ya jua,
chini ya tao la mawe la enzi za masultani,
katika mji ulioagana na jua tangu Novemba.

Mama mmoja mwenye sweta la zambarau
alinipokonya mwavuli kabla sijamwamkia.
Rasema, akasema, akijigusa kifua.
Akaufungua, akausikitikia,
akamwita shemejiye, Zaim, aliyeketi nyuma ya pazia
na koleo, na waya, na uzi wa kuvulia samaki.

Hatukuwa na lugha.
Ya kwake nilijua "asante" tu, nayo kwa makosa.
Akanionyesha kiti. Akazungusha mkono: dućan.
Nikashtuka. Duka?
Dućan.
Duka!
Akalipiga teke kasha lililokuwa chini ya meza: sanduk.
Sanduku, nikasema, sauti imenipanda.
Akachakura mkobani, akatoa kipande kilichofungwa kwa karatasi,
akakinusisha pua yangu: sapun.
Tukawa kama watoto wawili wanaopekuana mifuko
na kila mmoja anakuta gololi za mwenzake.
Kahawa ilikuja, nayo haikuhitaji mkalimani.
Akaelekeza kidole mlimani, nje ya mawe,
kwenye nyumba zilizoparamiana, kwao: mahala.
Hapo hakikupungua kitu. Mahala.

Soko hili limepewa jina la nguo, bezi.
Nasi muuza nguo tulimwita bazazi,
kisha, tulipokwisha kununua kwake mara kadhaa,
tukaligeuza neno kuwa tusi.

Nyuma yake ukutani palikuwa na kovu,
limezibwa kwa saruji isiyolingana na jiwe.
Nikalitazama.
Akaona nimelitazama.
Akatundika mkoba pale.
Neno la hilo hatukulitafuta.

Zaim akatoka na mwavuli, mzima,
umeshonwa kwa uzi wa buluu usiofanana na chochote.
Nikatoa pochi. Rasema akaipiga kofi.
Musafir, akasema.
Msafiri, nikakubali, ndiyo, natoka mbali.
Akatikisa kichwa. Akagusa kikombe changu, akagusa kiti,
akarudia polepole kama kwa mtu mzito wa kusikia: musafir.
Mgeni.
Kumbe kwao huhesabiwi kwa njia uliyoipita,
unahesabiwa kwa pale ulipoketishwa.

Nilikuwa karibu kulia, na hilo nadhani aliliona,
maana hapohapo alinivalisha miwani ya jua,
akarudi nyuma hatua mbili, akajishika shavu kwa mahaba,
na kwa kalamu akaandika kwenye kiganja chake:
marka kumi na tano.
Nikalipa. Ningelipa thelathini.

Mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa pili,
kijana mmoja alikuwa na miwani ileile.
Saba.
Nikageuka. Kule mbali chini ya tao
sweta la zambarau lilikuwa likinipungia mkono,
bila haya hata kidogo.
Ah, Rasema. Bazazi wee!

Nikapanda ngazi. Mvua ilikuwa palepale nilipoiacha.
Nikafungua mwavuli, nikaenda zangu
na miwani ya jua usoni, saa kumi na moja za jioni,
nikikanyaga kila dimbwi.