Silinda ya Tatu

Sanduku lilifika Jumanne juu ya kanta mbovu,
mbao zake zimepigiliwa misumari kwa upole,
kana kwamba walioifunga walijua wamelaza mtoto.
Wekulo akachukua mtaimbo. Nikamwambia, taratibu,
mbao hizo nina kazi nazo.
(Mlango wa choo chetu hapa Shabab
hadi leo umeandikwa UPANDE HUU JUU.)

Gari lenyewe lilikuwa limekaa juu ya matofali,
Datsun ya milango miwili, ya sabini na mbili,
rangi ya chungwa lililosahauliwa juani,
boneti ndefu kama pua ya mdaku.
Bwana Gurdev alilikimbiza matopeni, Londiani hadi Mau Summit,
akashika nafasi ya kumi na tisa, mara moja tu,
akaisimulia miaka arobaini.
Sasa hayupo. Mjane wake, Bi Surinder,
alikuja na bahasha, hakuketi.
"Toa. Weka mpya.
Nataka kuendesha, sitaki kuuguza."

Basi tukatoa.
Mnyororo juu ya boriti, boriti juu ya maombi.
Nati ya kwanza ilikataa, ya pili ikakatika,
ya tatu ikalegea kwa mafuta ya taa na matusi.
Injini kuukuu ikapaa,
ikidondosha oili nyeusi, tone, tone,
ikajizungusha nusu duara hewani
kama mtu anayeangalia tena chumba alichohama.

Nikaishika ubavuni, kwenye silinda ya tatu.
Kikohozi chake nakijua tangu nikiwa mshika tochi.
Injini haihesabu kama sisi:
moja, tano, tatu, sita, mbili, nne.
Hii ilihesabu: moja, tano, kohoo, sita, mbili, nne.
Nimeifungua mara saba. Nimebadilisha plagi, vali, ringi.
Kohoo.

Mpya ilikuwa ya kijivu, haina hata alama ya kidole.
Kijitabu kilisema: saa kumi na mbili.
Tulimaliza siku ya tisa.
Tulikata vyuma vya kuikalia, tukavichomelea upya,
tukasogeza rediata, tukahamisha betri hadi nyuma,
na bado boneti ilikataa kufunga, vidole viwili.
Waya zilimwagika kama matumbo ya mbuzi.
Hapo nilimwachia Wekulo, aliyeacha shule kidato cha pili,
naye akazisoma moja moja, midomo ikitembea,
vumbi la Nakuru likimtua kwenye kope.

Ikawaka mara ya kwanza. Haikupiga hodi.
Sauti ilikuwa nzuri, lazima niseme,
kama kitambaa kipya kinachochanwa chumba cha pili.
Bi Surinder akasikiliza, akavaa miwani ya jua,
akatoka kuelekea Lanet.
Nilitega sikio nimsindikize hadi kona.
Kabla ya kona, nilikuwa nimeshampoteza.

Ile kuukuu aliniachia. Nikamuuzia Baba Wairegi
kwa elfu nane na kuku wawili,
akaifunga kwenye kinu chake cha kusaga, Subukia,
ikanywa petroli kuliko alivyotarajia.
Kila mwezi alinipigia kulalamika.
Kila mwezi nilimwuliza kuhusu kuku.

Mwezi wa nane nilipanda huko na gunia la mahindi.
Niliisikia kabla ya kuona bati la kinu:
moja, tano, kohoo.
Nikacheka peke yangu barabarani, mtu mzima.

Halafu nikaona chungwa.
Datsun, chini ya mgrevilea, imezimwa,
kioo kimeteremshwa hadi mwisho,
na Bi Surinder ndani, mikono juu ya usukani,
unga ukimtua taratibu kwenye nywele.
"Huja kila Ijumaa," Baba Wairegi akaniambia,
"na haleti mahindi."

Hakuniona. Au aliniona.
Nikatua gunia langu,
nikapanga foleni.