Barua za Mfupa

Ulimi haujui.
Chumvi unaijua, na ndimu, na achari ya Markiti,
lakini fosfeti hupita bila kubisha hodi,
ndani ya dagaa, ndani ya mbaazi za nazi,
ndani ya soda nyeusi ya arusini.

Dokta Mbeyu, kule Makadara,
alinichorea nyuma ya risiti ya maabara:
tezi nne shingoni, kila moja punje ya mchele,
zinazoionja damu kwa niaba ya ulimi.
Na mfupa, huu tunaoudhania nguzo tu,
una seli zilizofungiwa ndani kama makarani.
Zikiona imezidi, huandika.
Damu huichukua barua hadi kwenye figo:
Mwageni. Na utumbo uambiwe urudishe mlango kidogo.
Figo husoma, humwaga,
na mtu huamka, akaenda msalani,
asijue kwamba usiku kucha
palikuwa na kazi afisini.

Afisi ya mamangu imefungwa.
Mfupa hauna habari. Unaandika,
mara kumi, mara mia,
barua zinarundikana chini ya mlango,
na zile tezi, kwa hamaki,
zinaubomoa mfupa uleule.
Haki gani hii, kumvunjia karani nyumba
kwa kuwa barua zake hazijibiwi?

Usiku, Kibokoni, namsikia akijikuna.
Si mbu. Ni kucha juu ya ngozi,
kama mtu asugua ukoko wa sufuria.

Miaka thelathini na mmoja alifundisha Tononoka,
darasa la pili, hesabu za kutoa na kukopa.
Sasa kila mlo una kidonge chake,
cheupe, kikavu, cha kutafunwa,
kiikamate fosfeti tumboni kabla haijavuka.
"Chaki hino," asema.
"Nimeivuta kwa pua ujana wangu wote,
leo naila kwa meno."

Mimi nachemsha maharagwe, namwaga maji, nachemsha tena.
Mbaazi napima kwa kijiko cha chai
na kuandika kwenye daftari la Dokta.

Jumamosi, kabla ya kwenda kwenye mashine,
aliniomba kijiko cha pili.
Nikamtazama. Akanitazama
kwa jicho lile la kumngoja mtoto
amalize hesabu ubaoni.

Nikatia nusu.

Mwanakombo binti Shee akatafuna taratibu,
mahamri mkono mmoja, chaki mkono wa pili.
Daftari nilikuwa nimelifunga.
"Iandike," akasema. "Mfupa utaiona."